"Double" mbele ya "the" au nyuma yake: jibu kwa mhudumu wa mapokezi

Swali: Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Arusha. Kila siku neno "double" linapita mbele yangu: double room, double occupancy, double the deposit, hata namba za simu watu wanazisoma "double seven". Juzi nilimwandikia wakala kwamba "the price is double of last year", mwenzangu akacheka, akasema Kiingereza hakiendi hivyo. Nilipomuuliza kinaendaje, naye akakwama. Naomba kueleweshwa neno hili lina maana ngapi, linakaa wapi kwenye sentensi, na linatofautianaje na "twice", "dual" na "twin".

Jibu:

Mwenzako yuko sahihi, ila kosa lako lina chimbuko linaloeleweka. Kwa Kiswahili bei ni "mara mbili ya ile ya mwaka jana". Ile "ya" ukiivusha inageuka "of", na hapo sentensi inaharibika, kwa sababu "double" linapotaja kiasi halipokei "of". Andika "The price is double last year's", au "The price is double what it was last year". Zote mbili ni salama hata kwenye barua rasmi.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba majirani wa neno hili wanaipokea hiyo "of" bila shida. "Half of the price" ni sawa, "most of the guests" ni sawa, "all of the rooms" ni sawa. "Double" na "twice" hazimo kwenye kundi hilo: ni "double the price" na "twice the price", basi. Na "the double of" ipo kweli, lakini ni habari nyingine kabisa. Mwingereza akisema "She's the double of her mother" anamaanisha binti na mama yake wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo "the double of last year" kwa msomaji makini ni kama kusema mwaka huu una sura ya mwaka jana.

Sasa tuje kwenye jambo linalobeba karibu maswali yako yote. Nomino ya Kiingereza mara nyingi hutanguliwa na neno dogo: a, the, this, that, my, your, their. Angalia "double" limekaa upande gani wa neno hilo dogo. Likikaa kabla yake, ni hesabu ya kuzidisha: chukua kiasi kinachotajwa, zidisha kwa mbili. Likikaa baada yake, likigusana na nomino, linataja aina ya kitu: kitu cha watu wawili, chenye sehemu mbili, au kilichotengenezwa kikubwa maradufu kuliko cha kawaida. Linganisha:

We need double the room for this group.
We need the double room for this group.

Neno moja tu limehama. Sentensi ya kwanza inaomba nafasi maradufu, pengine ukumbi mkubwa zaidi. Ya pili inaomba kile chumba cha watu wawili. Vivyo hivyo "double my salary" ni mshahara wangu mara mbili, wakati "my double salary" inamwacha msomaji akijiuliza kama una waajiri wawili. Mmiliki mwenye alama ya 's naye anahesabika kama neno dogo, ndiyo maana tunaandika "double last year's price" na si "last year's double price". Neno dogo lisipokuwepo, kama kwenye "double rooms" au "double doors", tayari uko kwenye maana ya aina.

Neno hili pia husimama peke yake. "On public holidays we are paid double" ni sentensi kamili, na ni vizuri kuijua kwa sababu nyingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Kwa Kiingereza cha mikataba, malipo ya namna hiyo yanaitwa "double time". Usiyachanganye na "double shift", ambayo ni mtu mmoja kufanya zamu mbili mfululizo, alipwe vyovyote atakavyolipwa.

Na ni kitenzi pia: "The price doubled", bei imekuwa maradufu. Hapa ndipo "double the deposit" inapokuwa na sura mbili. Kwenye "We paid double the deposit" ni kiasi, tumelipa amana mara mbili. Kwenye "Please double the deposit" ni amri, iongeze iwe maradufu. Amana ikiwa dola 200, iliyofanywa maradufu ni dola 400 jumla, yaani unaongeza 200 nyingine tu. Usiongeze 400 juu ya 200.

Hilo la kuongeza linastahili aya yake, maana Kiswahili chenyewe kina utelezi hapo. Tunasema "bei imeongezeka mara mbili" na kila mtu anaelewa kwamba ya 100,000 imefika 200,000, ingawa ukihesabu maneno yenyewe kilichoongezeka ni mara moja. Kwa Kiingereza badiliko hilohilo unaweza kuliandika "doubled", "went up by 100 percent", au "is now twice what it was". Ukiandika "went up by 200 percent" umesema bei imefika 300,000. "Increased by double" iache kabisa, haimo kwenye Kiingereza sanifu. "Two times more than" nayo iepuke popote penye fedha, kwa sababu wasomaji hugawanyika: wengine wanasoma 200,000, wengine 300,000, na kila upande una hoja. Dawa yake ni kuweka tarakimu za kabla na za sasa kando ya neno. Ankara yenye "from 100,000 to 200,000" haina mjadala.

"Twice" linafanya kazi mbili ambazo "double" haliwezi kabisa. Kazi ya kwanza ni kuhesabu matukio: "I called you twice", "twice a day", "twice a week". Huwezi kusema "I called you double". Kosa hili linatokana na "mara mbili" yetu, ambayo inatumika kwa tukio lililojirudia na pia kwa kiasi kilichozidishwa. Kazi ya pili ni kulinganisha kwa "as": "twice as big as", "twice as many guests as last season". Hapo pia "double as big" haikubaliki. Mahali ambapo yote mawili yanaweza kukaa ni mbele ya nomino yenye neno dogo: "twice the size" na "double the size" ni sawasawa.

Kwenye dawa tofauti hii inagusa afya ya mtu, na mgeni anaweza kukuuliza mapokezini. "Take one tablet twice a day" ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kile ambacho bahasha za duka la dawa la kwetu zinaandika 1×2. "A double dose" ni vidonge vya mara mbili vikinywewa kwa mpigo mmoja. Karatasi zinazokuja ndani ya pakiti za dawa za Ulaya huwa na onyo la kutokunywa "a double dose" kufidia dozi iliyosahaulika. Anayesoma "double" na "twice" kama neno moja atapata maagizo mawili yanayopingana ndani ya karatasi ileile.

Tuje kwenye vyumba, kazi yako ya kila siku. "Double room" kwa matumizi ya Uingereza na ya mawakala wengi wa safari ni chumba cha watu wawili chenye kitanda kimoja kikubwa. "Twin room" ni cha watu wawili chenye vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Mgeni Mmarekani ana mazoea mengine: "double bed" kwake ni jina la ukubwa wa kitanda, na hoteli nyingi za kwao zina vyumba vyenye vitanda viwili vya ukubwa huo, kwa hiyo familia ya watu wanne inaweza kuomba "double" ikitarajia vitanda viwili vikubwa. Kwenye barua ya uthibitisho usiishie kwenye jina la chumba. Taja vitanda: "one double bed" au "two single beds".

Ukubwa nao una mtego. Double ya Uingereza ni sentimita 135 kwa 190. Ya Marekani inakaribiana nayo, takribani 137 kwa 191. Mafundi wetu wanauza vitanda kwa futi: 4×6, 5×6, 6×6. Kile cha 4×6 kina upana wa sentimita 122 hivi, na Waingereza kitanda cha upana huo wanakiita "small double". Wanandoa walioahidiwa "double" wakikikuta hicho watalalamika, na watakuwa na haki. Cha 5×6 kina upana wa sentimita 152, sawa na queen ya Marekani na king ya Uingereza kwa upana, lakini urefu wake ni sentimita 183 tu wakati vile vyao vinafika 200 au zaidi. Mgeni mrefu ataning'iniza miguu. Heri umwambie vipimo mapema.

Kuna neno la kwetu ambalo haliendi salama likivuka: dabodeka. Kwa Kiswahili cha mabweni ni kitanda cha juu na chini. Kwa Mwingereza "double-decker" ni basi la ghorofa. Kitanda hicho anakiita "bunk bed". Ukimwandikia kwamba chumba kina "two double deckers" atakuelewa baada ya kucheka, na si wote watakaoelewa.

"Double occupancy" ni chumba kukaliwa na watu wawili. Haisemi lolote kuhusu vitanda, na peke yake haisemi bei ni ya nani. Maneno yanayoamua ni yale yanayoandamana nayo. "USD 90 per person, double occupancy" ni dola 90 kwa kila mmoja, chumba kizima 180. "USD 90 per room, double occupancy" ni 90 kwa chumba kizima. Mawakala wa safari hupenda kuandika "per person sharing", maana yake ni ile ya kwanza. Mgeni akija peke yake kwenye bei ya namna hiyo hulipa nyongeza inayoitwa "single supplement". Ikiwa nyongeza hiyo ni dola 40, analipa 130, si 90 na wala si 180. Na "double room for single use" ni kile chumba cha kitanda kikubwa kikikaliwa na mtu mmoja, kwa bei yake maalumu.

Maneno mawili ya kuyatazama kwa makini: "double-booked" ni chumba kilekile kimetolewa kwa wageni wawili kwa usiku mmoja. "Overbooked" ni hoteli nzima imeuza vyumba vingi kuliko ilivyonavyo. Na wakala akiandika "the drivers will double up", usiongeze vyumba. Anasema madereva watalala wawili wawili, kwa hiyo idadi ya vyumba vyao inapungua nusu. Hapa "double" limeleta upungufu, na ndiyo sababu watu wanakosea.

"Dual" nalo ni la mbili, ila linapenda vitu viwili vyenye hadhi au kazi zake vinavyokaa kwa mmiliki mmoja. Uraia pacha ni "dual citizenship", ambao Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya 2010. Simu ya laini mbili ni "dual SIM". Barabara yenye njia za kwenda na kurudi zilizotenganishwa katikati, Mwingereza anaiita "dual carriageway". Mkataba wa kuzuia kodi ileile kutozwa na nchi mbili, hata hivyo, ni "double taxation agreement", kwa kuwa hapo kinacholalamikiwa ni jambo moja kufanyika mara mbili. Mpaka huu hauna ukuta mnene. Mengine ni mazoea tu, unayameza yalivyo, kama Mzungu anavyomeza "uraia pacha" wetu bila kuuliza mapacha wako wapi.

Kwenye namba za simu "double" linakula tarakimu moja tu inayolifuata. "Oh seven double five, three double eight" ni 0755 388. Kosa la kawaida ni kusikia "double five eight" na kuandika 5858. Sahihi ni 558. Zikifuatana tatu utasikia "triple" au, kwa Mwingereza, "treble". Wamarekani wengi hutaja kila tarakimu peke yake, kwa hiyo ukimrudia mgeni namba yake ili kuhakiki, irudie tarakimu moja moja na utaelewana na wote. Kwenye herufi kanuni ni hiyohiyo, isipokuwa "double-u" ambalo ni jina la W, kumbukumbu ya zamani ilipoandikwa kama u mbili. Mgeni akitaja jina lake "double-u, double-o, d" anaitwa Wood, herufi nne. Na neno la kazi yako linaloongoza kwa kuandikwa vibaya, "accommodation", lina double c na double m.

Usidanganyike na "double-digit". Ni tarakimu mbili, yaani kuanzia 10 hadi 99. "Double-digit growth" ni ukuaji wa asilimia 10 au zaidi, na biashara iliyokua asilimia 12 haijakua maradufu hata kidogo. Tafsiri ya "ukuaji maradufu" hujitokeza kwenye habari za uchumi, na inageuza ongezeko la kawaida kuwa muujiza.

Mitaani neno limeshakuwa letu: gari la dabo kebini, kuchapa pande zote mbili za karatasi. Kwa Kiingereza la kwanza ni "double cab", kabini moja yenye safu mbili za viti. La pili ni "double-sided", na kurasa kumi zitakula karatasi tano. Katika matamshi Mwingereza analimalizia kwa l, "ou" yake inasikika kama a fupi, kama kwenye "trouble" na "country", na b inatamkwa. Ile b isiyotamkwa iko kwenye "doubt".

Lugha zote mbili zimeona ubaya kwenye uwili. Tuna ndumilakuwili, nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, na wao wana "double-dealing", "double life" na "double-cross", yaani kumsaliti uliyekuwa naye upande mmoja. "Double standards" ni kupima watu wawili kwa mizani mbili tofauti. "Double-check" pekee ni la heri, nalo ni kuhakiki upya. Hakuna atakayehesabu kama umefanya mara mbili kamili.

Barua yako kwa wakala, ikiwa bei ilitoka dola 80 na amana ilikuwa 200, ingeweza kusomeka hivi:

Please note that the rate is now double last year's: USD 160 per room per night, up from USD 80. Your group has three doubles, each with one double bed, and two twins. As your stay falls over a public holiday, kindly double the deposit, from USD 200 to USD 400 in total.

"Doubles" hapo ni nomino, vyumba vya aina hiyo, na inapokea s kama nomino nyingine. "In total" usiifute hata kama inaonekana ya ziada: bila hiyo mhasibu wa wakala aliyekwisha tuma 200 anaweza kutuma 400 nyingine, na utashinda wiki nzima ukimrudishia chenji.